Mwaka Nilioketi Baina ya Bi Zeyana na Bi Thuwaiba

Alhamisi iliyopita alizikwa Bi Zeyana. Sisi wanawake tulikaa ghorofani, Kiponda, tumebanana juu ya mikeka, na binti mmoja aliyekuwa akigawa juzuu akaniinamia akaniuliza kwa adabu, "Samahani mama, marehemu ni nani wako?" Si shangazi, si khalati, si mkwe, na kumwita mwenye nyumba wangu ningeona haya. "Nilikuwa nakaa baina yao," nikamwambia, "yeye na ndugu yake Bi Thuwaiba, Mungu awarehemu wote wawili." Akatikisa kichwa kama aliyefahamu, na baadaye nikamsikia akimwambia mwenziwe kuwa mimi ni yule jirani wa nyumba ya katikati. Sikumsahihisha. Jambo lenyewe refu, na mimi siwezi kulieleza bila ya kucheka, na pale msibani.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuja mjini kutoka Chwaka kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Vuga, ofisi iliyokuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa na taipureta tatu zilizokuwa zikifanya kazi. Mama mmoja wa ofisini aliposikia natafuta pa kukaa akanipeleka Kiponda kwa mabibi wawili ndugu wa tumbo moja, wajane, watoto wao wote wako Maskati, wamebaki na nyumba ya ghorofa tatu na paka. Bi Zeyana, mkubwa, alikuwa mrefu mwembamba, amenyooka kitini kama anayepigwa picha. Bi Thuwaiba alikuwa mfupi mnene, na kicheko chake kilianza mabegani kabla hakijafika mdomoni. Walinikalisha kwenye kochi, mimi katikati, nikadhani ndiyo heshima ya mgeni. Bi Zeyana akanihoji. Napika? Napika. Naswali? Naswali. "Na kutoka je, wapenda kutoka?" Nikaona huu ndio mtego wenyewe. Nikainamisha macho nikasema kwa sauti ya msichana aliyelelewa, "Mie sitoki, Bi. Kazini na nyumbani, basi." Uso ukamnywea. "Basi hutatufaa," akasema, na Bi Thuwaiba kwa upande wangu wa pili akashusha pumzi kama aliyeambiwa meli imeshaondoka. Ikanibidi nigeuze maneno upesi, kwamba sitoki kwa kukosa wa kutoka naye, lakini nikimpata hata kila siku. "Kila siku nyingi," akasema Bi Zeyana, keshachangamka. "Mara nne kwa wiki."

Hakuwa akitania. Nyuma ya mlango wa jikoni kulitundikwa kalenda ya duka la vitambaa, na miraba yake ilijaa wino, mwekundu wa Bi Zeyana na kijani wa Bi Thuwaiba. Mchezo wa kuigiza Ngome Kongwe. Taarab ya arusi Malindi. Maonyesho ya picha za kuchora, ambayo Bi Zeyana aliyaendea ili apate kusema kuwa mlango fulani haukuchorwa sawa. Mashindano ya watoto wa madrasa kusoma Kurani, ambayo Bi Thuwaiba aliyafuata kama wengine wanavyofuata mpira, ana wasomaji wake anaowatakia ushindi na majaji wake anaowalaumu mwaka mzima. Matembezi ya Mangapwani na walimu wastaafu, ingawa hakuna kati ya mabibi hao wawili aliyewahi kuwa mwalimu. Mimi nilikuwa nikidhani mji ule, jua likishazama, watu hufunga milango wakalala. Kumbe kila siku kuna mahala watu wamejipanga kwenye viti vya plastiki wanangoja kitu kianze.

Chakula cha kwanza nilichokula nao kilikuwa samaki, changu wa kupaka, na mkate wa mofa. Nilikaa katikati tena. "Mize," akasema Bi Zeyana, "mwambie huyo anipe ndimu." Huyo alikuwa Bi Thuwaiba, na ndimu ilikuwa mbele yake, na baina yao hapakuwa na kitu isipokuwa mimi na sahani yangu. Nikadhani labda Bi Thuwaiba hasikii vizuri. Nikapaza sauti: "Bi Thuwaiba, Bi Zeyana anaomba ndimu!" Bi Thuwaiba akaruka. "Mbona wanipigia kelele, mwanangu? Mwambie sikumsikia kuomba. Nimemsikia kuamrisha." Nikamgeukia Bi Zeyana, naye alikuwa ameniangalia, mikono mapajani, anasubiri nimletee habari kama kwamba baina yake na ndugu yake pana ukuta wa mawe. Nikamwambia. Ndipo akakasirika. Siku ile nilikula samaki wangu amepoa, na nikafahamu kwa nini chumba walichonikodisha kilikuwa cha rahisi hivyo.

Walikuwa hawasemezani kwa miaka kumi na moja. Kila mmoja alinieleza sababu kwa wakati wake, faragha, na kila mmoja akanilisha yamini nisimwambie mtu. Bi Zeyana alinieleza chumbani kwake huku akijipaka mafuta magotini: katika arusi ya mtoto wa kaka yao, yeye alipika biriani, na Bi Thuwaiba mbele ya wakwe wote, sauti juu, akasema, "Bokoboko la leo tamu!" Na bokoboko ni ngano na nyama, hupondwa mpaka iwe kama uji mzito. "Biriani langu, Mize! Punje moja haikugusa nyingine!" Bi Thuwaiba naye alinieleza katika chumba chake cha mkabala, akitia uzi kwenye sindano. "Umeme ulikuwa umekatika. Giza, humuoni mwenzio. Nikatia tonge mdomoni, laini, nikajua bokoboko. Nilisifu, mwanangu! Wallahi nilisifu." Nikamuuliza kwa nini hakumwambia hivyo. "Kwa mdomo gani? Alikuwa keshaacha kusema na mie." Baina ya milango ya vyumba hivyo viwili palikuwa na hatua sita. Nilizihesabu.

Lakini nyumbani walizoea kunyamaza. Tatizo lao lilikuwa kutoka. Wote wawili walipenda kwenda kila palipo na jukwaa, na hakuna aliyekubali mwenziwe aende peke yake, kwa kuwa atakayebaki hatakuwa na wa kumhadithia. Na mchezo huwezi kuutazama kimya. Raha yake ni kumwambia mtu wa pembeni kuwa yule bwana arusi atakimbia. Kwa hivyo walihitaji mtu wa kati. Kabla yangu alikuwa binamu yao, akaolewa Pemba. Mimi ndiye niliyeshika nafasi yake, na ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimeota mazoea ya kugeuza shingo kushoto na kulia mpaka ofisini wakaniuliza kama nimelalia mto mbaya.

Na nilikuwa na kosa moja: nilipenda kupunguza makali. Bi Zeyana akisema, "Mwambie huyo buibui lake jipya kama pazia la sinema," mimi naligeukia sikio la pili nasema, "Bi Zeyana anasema buibui lako pana, utapata upepo." Bi Thuwaiba hakukubali. "Hakusema hivyo. Kasema pazia la sinema, nimemsikia kwa masikio yangu. Lete maneno kama yalivyo." Nikayaleta kama yalivyo, naye akanipa majibu, na majibu hayo ndiyo niliyokuwa nikijaribu kuyakwepa. Siku tuliyokwenda Jozani na wale walimu wastaafu, kijana wa kutembeza wageni alituonesha kima punju wawili wamekaa tawi moja, wamepeana migongo. "Hawa wamegombana," akatwambia. "Lakini huwa dakika chache tu, halafu utawaona wanachambuana." Wastaafu wote, ishirini na kitu, wakatazama chini kama waliodondosha sindano. Kisha Bi Thuwaiba akasema, "Mize, mwambie huyo buibui lake limenasa mwiba." Ulikuwa ujumbe mpole kuliko wote niliowahi kupeleka.

Sasa nije kwenye ubaya wangu. Ofisini kulikuwa na karani wa majalada, Khamis, kijana mrefu mwenye kiatu kimoja kinacholia, aliyekuwa akiandika michezo ya kuigiza nyuma ya fomu zilizopitwa na wakati. Kikundi chao kilifanya mazoezi Miembeni. Mimi nilikuwa nikimpigia chapa wakati wa chakula cha mchana, na huku nikipiga nilikuwa nikimsimulia ya Kiponda. Ndimu, pazia la sinema, kima punju. Khamis alikuwa akicheka mpaka anashikilia kabati la mafaili. Hakuna mtu aliyewahi kunichekea vile kwa kufurahi, na nikawa kila siku namletea jipya, na siku ambayo halipo jipya naliongeza chumvi la zamani. Ile ya biriani, niliyolishwa yamini mara mbili, niliishikilia mpaka mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Kisha nikaitoa siku moja kwa kipande cha katlesi. Khamis hakucheka. Akasema, "Mize, huu mchezo." Nikamkatalia. Akaniapia kuwa atawafanya kaka wawili wauza kahawa wa Mwembetanga, na ugomvi utakuwa wa kahawa, na hata mama yake mzazi hatajua. Nikaupiga chapa mwenyewe, kurasa thelathini na moja. Kaka wawili, birika moja, na kijana wa kati anayepeleka maneno. Nikaona umetoka vizuri. Na wiki ile ile, nyuma ya mlango wa jikoni, nikaona wino mwekundu: Jumamosi, baada ya Alasiri, mchezo mpya, Miembeni.

Sikuwa na wasiwasi. Nilivaa kanga zangu mpya za kufanana. Ukumbi ulijaa, nusu ya Kiponda ilikuwepo, na tulipata safu ya tatu, mimi katikati. Pazia likafunguliwa, na wakatoka wanaume wawili wamevaa mabuibui. Mmoja mrefu, amenyooka kama bomba, na sharubu alizokataa kunyoa. Mwingine amefungwa mito miwili tumboni. Baina yao msichana amevaa kanga za kufanana. Baadaye Khamis alinieleza kuwa katika mazoezi wale kaka wauza kahawa hawakumchekesha mtu, akawarudisha mabibi na biriani lao, na wasichana wa kikundi walikataa kuwa vizee. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba yule msichana ni mimi. "Mwambie huyo anipe ndimu," akasema mwenye sharubu, na ukumbi ukalipuka.

Bi Zeyana akaniegemea, machozi ya kicheko yanamtoka. "Mize, mwambie huyo, yule mwenye mito ni yeye mtupu!" Kabla sijageuka, Bi Thuwaiba akanivuta mkono, mabega yanamtikisika. "Mwambie yule mwenye sharubu ndiye yeye. Hata kukaa! Hebu tazama anavyokaa!" Kila mmoja alimuona mwenziwe waziwazi, na hapana aliyejiona. Nikaanza kupata matumaini. Watu wa safu ya mbele walikuwa wanageuka kututazama, wanajiziba midomo, na mabibi wangu wakawapungia mkono kwa ukarimu. Kisha jukwaani ikaletwa sinia. Yule mwenye mito akatia tonge mdomoni, akawakonyeza watazamaji, akasema sauti juu, "Bokoboko la leo tamu!"

Kicheko cha kushoto kikakatika. Cha kulia kikakatika. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka isipokuwa viti vitatu. Nilitazama magoti yangu. Nikasikia kiti cha plastiki kinasukumwa, na Bi Thuwaiba alikuwa amesimama. "Uongo!" akapiga kelele. "Sikukonyeza! Umeme ulikuwa umekatika!"

Waigizaji wakasita. Msichana wa kati akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye ninayejua mbele pana nini. Na hapo Bi Zeyana, bila ya kunigusa, bila ya kuniita, akainua uso juu ya kichwa changu.

"Umeme ulikatika baada ya chakula," akasema.

"Kabla."

"Baada, Thuwaiba! Nliona sahani zinarudi."

"Kabla!" ikaja sauti ya bibi mmoja kutoka nyuma kabisa. "Mie nilikuwepo arusi ile. Giza lilitukuta hatujanawa. Nlikalia sahani ya sambusa!" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa kuwa wale wawili hawakuwa wanacheka. Walikuwa wametazamana, na mimi chini yao nimekunjika kama mwamvuli.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza Bi Zeyana.

"Ulijifungia chumbani."

"Ungebisha hodi."

"Nlibisha. Siku tatu nlibisha."

Bi Zeyana akashika ncha ya buibui lake. "Sikusikia," akasema. "Nlikuwa nnalia."

Yule mwenye sharubu akajikuna shingo chini ya buibui, akauliza polepole kama wanaweza kuendelea. "Endeleeni," akasema Bi Zeyana, akaketi na kunyoosha mgongo. "Lakini zimeni taa kwanza." Wakafunga madirisha, wakazima taa, wakairejea ile sehemu ya sinia katika giza, na gizani nikasikia Bi Thuwaiba akimsahihisha mwigizaji mahali pa kupumua.

Kurudi nyumbani walitangulia wao wawili, wanasema wote kwa pamoja, miaka kumi na moja wanataka kuimaliza kabla ya Magharibi. Mimi nilifuata nyuma. Nilikuwa na furaha, sina haja ya kuficha, na nilikuwa naogopa, na asubuhi nilikuta nilichoogopa. Meza imetandikwa, mikate ya kumimina, chai ya hiliki, nao wamekaa viti vilivyopakana. Nikawaamkia. Hawakuitikia. Nikasema yote, ya Khamis, ya fomu, ya katlesi. Bi Thuwaiba ndiye aliyejibu, na hakunitazama. "Tulikwambia wewe kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumwambia." Basi. Angenitukana ingekuwa afadhali. Kisha Bi Zeyana akageuka: "Thuwaiba, mwambie huyo chai inapoa."

Wiki tatu walinifanyia hivyo. "Mwambie huyo asisahau kufunga roshani." "Mwambie huyo kesho tuna Ngome Kongwe, kama anataka kuja aje, kama hataki asije." Nikenda, nikapewa kiti cha pembeni, na nilitazama michezo mitatu bila ya mtu kuniambia nani atakimbia. Nilijifunza katika wiki hizo kitu ambacho nimewaambia watoto wangu mara nyingi na hawajakisikiliza: maneno ya mtu aliyokupa akiwa peke yake si yako, hata kama yanachekesha. Hasa yakichekesha. Nilikuwa nimetoa kitu cha watu ili nipendeze mbele ya kabati la mafaili.

Waliyemwita ni Khamis. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kiatu kinalia ngazi zote tatu, na akatandikiwa biriani. Walimkalisha baina yao. Alikula sahani nne kwa hofu, na baada ya kila sahani Bi Zeyana alimuuliza, "Hili nini?" naye akajibu, "Biriani, Bi." Alipokwisha wakamtolea karatasi. Walikuwa wameandika, wino mwekundu na wa kijani, yote yaliyokosewa katika mchezo: umeme, sharubu, mito iliyozidi, na kwamba katika kurasa thelathini na moja hakuna mtu hata mmoja anayebisha hodi. Khamis akaahidi kurekebisha kila kitu. Akachukua kalamu, anaandika huku anatoka jasho.

Ndipo Bi Thuwaiba akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika la kunawia. "Na wewe Mize," akasema, kwangu, usoni, "wewe uliuonaje ule mchezo?"

Nikafungua mdomo nikasema, "Khamis alikuwa na nia—"

"Hatukukuuliza Khamis," akasema Bi Zeyana. "Khamis tunaye hapa."

Mwaka mzima nilikuwa nimepeleka maneno, kulia na kushoto, na hapana aliyewahi kuniuliza langu, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nikaweka birika chini. "Yule msichana wa kati," nikasema, "hana neno lake. Anarejea ya watu tu mpaka pazia linafungwa. Mtu hawi hivyo. Angechoka." Mabibi wakatazamana. Khamis akasema, "Naam, nitamtilia moja," na mimi nikasikia sauti yangu inamwambia aache, nitamtilia mwenyewe.

Nilikaa na taipureta siku nne za chakula cha mchana. Nililiandika neno lile mara nyingi, refu, la hekima, nikalikata, mpaka likabaki fupi. Mchezo ukarudiwa Miembeni, ukumbi umejaa kuliko mara ya kwanza, na sisi tulikuwa safu ya mbele kwa amri ya Bi Zeyana. Jukwaani wale wawili walikuwa wanatupiana ndimu za maneno, mwambie huyu, mwambie yule, sinia limewekwa katikati, na msichana anageuka kushoto, anageuka kulia. Mara akasimama. Akajivutia sinia. "Ambianeni wenyewe," akasema. "Mie nnakula."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile, na kilikuwa kitu changu. Niliinama nikajifanya natafuta kiatu.

"Neno hilo kalipata wapi?" nikamsikia Bi Zeyana akimuuliza ndugu yake.

"Kwangu."

"Kwako wapi? Wewe umesema lini? Ni langu hilo, nlimwambia mie siku ya futari."

"Zeyana, siku ya futari wewe ulikuwa unaumwa jino."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja anadai ni lake, mpaka watu wa nyuma wakawaomba wanyamaze.